Kupanda Rwenzori kiangazi na majira ya mvua

Milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo baridi ya Januari na baridi ya Julai hazipishani sana. Kinachobadilika ni maji. Mvua inaweza kunyesha mwezi wowote, ila kuna miezi inayonyesha kwa muda wa saa mbili mchana kisha ikaacha, na kuna miezi inayonyesha kutwa, ikamwaga theluji juu na kujaza mito chini. Anayejipanga kwa kuwaza baridi peke yake hubeba makoti mazito matatu na soksi jozi mbili. Kufikia siku ya tatu anatamani angebeba kinyume chake.

Uchague mwezi gani

Vipindi vya ukavu ni viwili: katikati ya Desemba hadi mwanzoni mwa Machi, na Juni hadi Agosti. Mvua kubwa huwa Machi hadi Mei, halafu Septemba hadi Desemba inapoanza. Hewa yenye unyevu inayotoka bonde la Kongo hulazimika kupanda milima hii, ikapoa na kumwaga maji. Mlimani mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, na ukanda wa karibu mita 3,000 ndio unaolowa kuliko yote. Kwa hiyo neno "kiangazi" lisikudanganye. Tope lipo hata Februari, isipokuwa linafika kwenye kifundo cha mguu badala ya goti.

Kwa anayetaka kilele cha Margherita (mita 5,109), kirefu kuliko vyote, Januari na Februari ndiyo miezi ya kwanza kuichagua. Julai na Agosti pia ni mizuri, lakini wageni wa Ulaya huwa likizoni na vibanda vya kulala mlimani hujaa, basi weka nafasi mapema. Kiangazi kina kasoro moja isiyotajwa sana: vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa huko chini huziba mandhari, na unaweza kukaa mji wa Kasese, chini ya mlima, siku tatu usiuone mlima. Majira ya mvua, mawingu yakifunguka alfajiri, hewa huwa safi na unaona mbali mno. Kwa nusu saa, labda.

Anayeishia kwenye misitu na maporomoko ya maji hana sababu ya kuiogopa mvua ya Oktoba. Anayepita Kilembe, moja ya njia mbili za kupanda, aiangalie Mei kwa makini zaidi: mto Nyamwamba ulifurika vibaya Mei 2013 na tena Mei 2020, ukabeba nyumba na madaraja na kuingia hospitalini.

Na kwa wanaouliza kila mwaka kama huko juu kuna mchezo wa ski: hakuna. Hakuna lifti, na barafu iliyobaki ni ndogo, ina mwinuko mkali na nyufa. Kwa mchezo huo Waafrika tuna Afriski kule Lesotho, inayofanya kazi kati ya Juni na Agosti, na Oukaïmeden kule Moroko wakati wa baridi ya kaskazini, yaani Januari na Februari. Rwenzori ni ya kutembea kwa miguu.

Njia na lango lake

Kutoka Kampala panda basi la Kasese, kwa njia ya Fort Portal au ya Mbarara. Hesabu siku nzima barabarani, na usipange kuanza kupanda siku hiyohiyo. Lala Kasese au karibu na lango. Kiswahili kinaeleweka vizuri mjini, hasa sokoni, kwa sababu ya biashara na Kongo kupitia Mpondwe. Mlimani wenyeji ni Bakonzo, na neno *wasingya*, yaani asante, hufungua nyuso.

Njia ya zamani ni ile ya mzunguko, inayoanzia Nyakalengija, kama kilomita 22 kutoka Kasese: unafuata barabara ya Fort Portal kisha unakata kushoto kuelekea Ibanda. Huchukua siku saba. Vibanda vyake ni Nyabitaba (karibu mita 2,650), John Matte (3,500), Bujuku (3,960), Elena (4,540), Kitandara (4,020) na Guy Yeoman, kisha unarudi Nyabitaba na kushuka langoni.

Njia ya pili huanzia Kilembe, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Kasese. Inapitia Sine, Kalalama, Mutinda na Bugata, inavuka kipito (pengo kati ya vilele) cha Bamwanjara (mita 4,450), inateremka hadi Hunwick's, kisha inapanda hadi kambi ya Margherita iliyo karibu mita 4,485. Kufika kileleni na kurudi ni siku saba au nane. Mpando wake ni wa polepole zaidi, na mwili hupata nafasi ya kuzoea. Kwa mtu ambaye hajawahi kulala juu ya mita 3,500, njia hii ni bora hata kama inaongeza gharama ya siku moja.

Si lazima kugusa barafu. Mzunguko wa Mahoma una kilomita 28 na hutembewa siku mbili au tatu kutoka Nyakalengija. Kwa upande wa Kilembe unaweza kuishia Mutinda, au kupanda kilele cha Weismann (mita 4,620) bila kamba wala meno ya chuma yanayofungwa chini ya viatu ili kukanyaga barafu. Shule na familia zinaweza kutembea kutwa moja tu kwenye vilima vya Ruboni, nje kidogo ya lango, na kulala kitandani.

Kuingia hifadhini bila mwongozaji hakuruhusiwi. Kabla ya kulipa kampuni, omba bei iliyochambuliwa: ada ya hifadhi, askari wa hifadhi, wapagazi, chakula, na vifaa vya barafu vya kukodi. Kampuni mbili zinaweza kutaja bei zinazofanana huku moja ikiwa haijahesabu kabisa kamba na meno ya chuma. Beba kitambulisho cha taifa au pasipoti, kwa sababu raia wa Afrika Mashariki wana kiwango chao cha ada, na bila karatasi hiyo utahesabiwa kama mgeni wa mbali. Uliza pia uzito wa mzigo unaoruhusiwa kwa mpagazi mmoja, na uuheshimu.

Swali lenye uzito kuliko yote ni hili: mwongozaji wako alifika Margherita mara ya mwisho lini, na njia ya barafuni sasa inapita wapi? Mwaka 1906, Duke wa Abruzzi, mwanamfalme wa Italia, alipopanda vilele hivi, barafu zote za Rwenzori zilikuwa na eneo la kama kilomita za mraba 6.5. Kufikia 2003 ilibaki kama kilomita moja ya mraba, na bado inapungua. Mahali palipokuwa na mteremko wa theluji sasa pana mwamba mtupu, na ngazi na kamba huhamishwa. Ramani ya miaka kumi iliyopita haikusaidii hapo, wala mwongozaji ambaye hajapanda mwaka huu.

Gambuti

Kwenye Kilimanjaro watu hupanda kwa viatu vya mlima tangu siku ya kwanza. Huku sehemu kubwa ya safari hutembewa kwa gambuti za mpira, na wapagazi wanazivaa kwa sababu nzuri: kiatu cha mlima, hata kile kinachotangazwa kuwa hakipitishi maji, kikizama kwenye kinamasi cha Bujuku huingiza maji kwa juu, na kikishalowa hakikauki tena mpaka urudi nyumbani.

Zinapatikana soko la Kasese. Chukua namba moja zaidi ya viatu vyako vya kawaida, ili ziingie soksi mbili na kitambaa cha ziada cha kukanyagia. Angalia soli: mistari iwe na kina na mpira uwe laini kidogo, plastiki ngumu inayong'aa huteleza kwenye mbao na mizizi kana kwamba umepaka sabuni. Kabla ya safari, tembea nazo kwa muda wa saa mbili. Kisigino kikicheza juu na chini, malengelenge yatatokea siku ya kwanza. Ongeza kitambaa cha ndani au badilisha namba. Soksi ziwe ndefu kupita mdomo wa gambuti, la sivyo ukingo wa mpira utakuchubua shavu la mguu. Kata kucha za vidole vya miguu siku mbili kabla. Mteremko mrefu kutoka Guy Yeoman kupitia Kichuchu hadi Nyabitaba husukuma vidole mbele saa nyingi, na kucha ndefu hugeuka nyeusi.

Kwenye kinamasi usitafute pakavu, kwa sababu hapapo. Kanyaga katikati ya kichaka cha nyasi, si ukingoni, na uhamishe uzito polepole. Fimbo itangulie kupima kina. Mguu ukizama, usivute kwa nguvu kwenda juu, maana utatoka mguu na gambuti ibaki. Inua kisigino kwanza, uingize hewa, kisha vuta. Kwenye madaraja ya mbao tembea bapa, hatua fupi, bila kukimbilia. Mvua inapokuwa kubwa, mito midogo hupanda mchana na kushuka usiku, kwa hiyo mwongozaji akikuamsha saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya kivuko, amka.

Viatu vya mlima bado utavihitaji, vile vigumu vinavyokubali meno ya chuma, lakini hukaa kwenye mzigo, ndani ya mfuko wa plastiki, mpaka Elena au kambi ya Margherita.

Nguo: seti mbili zisizokutana

Wanaoshindwa Rwenzori mara nyingi huanza kushindwa na nguo zilizolowa kabla ya urefu wa mlima kuwafikia. Kila mita 100 unazopanda, joto hupungua kwa karibu nusu digrii au zaidi kidogo. Kasese ikiwa nyuzi 30, Elena usiku inashuka chini ya sifuri. Mwili uliolowa katika hali hiyo hutumia chakula chote kujipasha moto na haubaki na kitu cha kupandia.

Kwa hiyo kuna nguo za mchana, ambazo zitalowa kwa mvua au kwa jasho, na kuna nguo za usiku ambazo haziguswi na maji hata iweje. Ukifika kibandani, vua zote za mchana, jifute, vaa za usiku. Asubuhi rudia zile mbichi. Hilo la asubuhi ndilo gumu, na hapo ndipo watu wengi huharibu safari: wanabaki na zile kavu kwa sababu nje kunanyunyiza kidogo tu, na kufikia saa nne hawana tena kitu kikavu.

Za mchana: shati jepesi la nailoni au polista, suruali inayokauka haraka, sweta jepesi, koti la mvua lenye kofia na suruali ya mvua. Nguo za pamba na jinzi ziache Kampala. Za usiku: nguo za ndani za joto juu na chini, sweta zito, koti lililojazwa manyoya au pamba bandia, kofia ya sufu. Soksi beba jozi sita kiangazi na nane majira ya mvua. Glavu jozi mbili, moja nyembamba ya kushikia mizizi na kamba, moja nene isiyopitisha maji ya kilele. Mfuko wa kulalia uwe wa kuhimili nyuzi 10 chini ya sifuri. Kila kitu kifungwe kwenye mifuko minene ya plastiki ndani ya begi. Kifuniko cha mvua cha begi peke yake hakitoshi, kwa sababu maji hupitia mgongoni.

Usitegemee kukausha nguo kwa moto. Moto wa kuni haufai mlimani, na kiangazi ni hatari kweli: miti ya erika iliyojaa ndevu za kuvumwani na majani makavu ya senesio, mmea mkubwa wa huko juu, hushika moto haraka, na kuota tena ni kazi ya miaka mingi.

Mwili na urefu

Ukipita mita 3,000, maumivu ya kichwa, kichefuchefu na usingizi wa kukatikakatika ni vya kawaida. Kunywa lita tatu hadi nne kwa siku, kula hata kama hutaki (posho, yaani ugali, na maharage ya wapagazi mara nyingi hukaa tumboni vizuri kuliko biskuti), na tembea kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza. Dawa ya asetazolamidi husaidia mwili kuzoea. Kipimo cha kawaida cha kinga ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Muone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa, na ujue kwamba itakukojoza na kukutia ganzi ya vidole. Pombe na vidonge vya usingizi viache.

Dalili zisizosubiri ni hizi: kuhema ukiwa umekaa, kikohozi chenye povu, kuchanganyikiwa, au kushindwa kutembea kwenye mstari ulionyooka kisigino kikigusa kidole. Hapo ni kushuka, hata usiku, angalau mita 500 hadi 1,000.

Ila Rwenzori ina mtego wake. Bonde la Kitandara limezungukwa na vipito: ukitoka huko kwa upande wowote lazima upande tena, Scott Elliot (karibu mita 4,370) au Freshfield (karibu 4,280). Hunwick's nako, kurudi Kilembe ni kuvuka tena Bamwanjara. Mgonjwa aliyeanza kudhoofika Elena asipelekwe Kitandara ati kwa sababu ndiyo ratiba; arudishwe Bujuku na kuendelea kushuka hadi John Matte. Uamuzi ufanyike kabla ya kipito. Usiweke tumaini kwenye helikopta, kwani mara nyingi uokoaji huku ni machela na mabega ya watu.

Usiku wa kilele

Kuondoka ni saa nane au saa tisa usiku. Vaa mkanda wa kamba na kofia ngumu ukiwa bado ndani, kwenye mwanga, na mwongozaji akague kila kifungo. Jaribu meno ya chuma kwenye viatu vyako jioni iliyotangulia. Mkanda mfupi au fremu isiyolingana haigundulikani vizuri saa tisa usiku huku vidole vimekufa ganzi. Simu na betri za tochi zilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia. Chupa ya maji ibebe kichwa chini, kwa sababu barafu huanza kuganda juu, na mdomo wa chupa ukiwa chini utaendelea kunyweka.

Sehemu ya kwanza ni mwamba. Kiangazi hushika vizuri. Baada ya mvua huvikwa tabaka jembamba la barafu lisiloonekana, na hapo watu huanguka zaidi kuliko kwenye barafu yenyewe. Kisha unafungwa kamba pamoja na wenzako. Kamba kati yenu isilegee hadi kugusa chini, wala isivutike. Tembea miguu ikiwa imeachana kidogo ili meno yasikamate suruali, kanyaga kwa meno yote, na shika shoka la barafu kwa mkono ulio upande wa juu wa mlima.

Misimu hutofautiana hapa kuliko mahali pengine popote. Januari barafu huwa tupu, ngumu, ya samawati, na nyufa zinaonekana. Meno yawe makali, maana butu hayaingii. Novemba au Aprili theluji mbichi hufunika nyufa, muda wa kutembea unakuwa mara mbili, na theluji hujikusanya chini ya meno kama tonge la posho. Gonga kiatu kwa mpini wa shoka kila hatua chache, la sivyo utateleza kama uliyevaa kandambili. Theluji ikifika magotini na ukungu ukiwa mzito kiasi cha kutomwona mtu wa mbele kwenye kamba, kurudi ndiyo kazi ya mwongozaji mzuri. Mlipe bakshishi ileile.

Mkubaliane saa ya kugeuka kabla ya kuondoka, kwa kawaida si zaidi ya saa nne asubuhi, hata kama kilele kinaonekana. Baada ya hapo jua hulainisha theluji, mawe yaliyoshikwa na barafu huanza kuachia, na mawingu hufunga. Vaa miwani ya jua yenye giza hata kukiwa na ukungu. Mwanga unaoakisiwa na theluji huunguza macho, na maumivu huja jioni, ukiwa tayari Kitandara. Paka mafuta ya kukinga jua mpaka chini ya kidevu na ndani ya pua. Ngozi nyeusi nayo huungua kwa urefu ule.

Siku ya kilele haiishii kileleni: baada ya kurudi kambini unakula, unabadilisha viatu, unarudi kwenye gambuti na kutembea saa nyingine nne au zaidi. Bakiza jozi moja ya soksi kavu kwa ajili ya saa hizo, na taka zako zote, betri zikiwemo, zishuke nawe hadi langoni.